Swali la Baada ya Magharibi

Kikuku kiliuliza swali lake wakati Kashindi anatema kokwa ya tende.

"Mlinzi," kilisema, kwa sauti ile kavu ya mwalimu wa zamu, "mafuta ya mwenzako yanaungua kwa kasi. Je, amefunga?"

Mwavita alikuwa na upawa mkononi. Chungu cha uji wa mtama kilikuwa mbele yake, migebuka, samaki wa ziwani, imelala kwenye mchuzi wa mawese, na upande wa pili wa sinia mke mwenzie alikuwa ameshamaliza bakuli la kwanza, ananyoosha mkono aongezewe. Mzee Songoro alikuwa ameadhini zamani. Wote wawili walikuwa wameshaswali. Hapakuwa na mtu aliyefunga katika nyumba ile saa hiyo.

"Kijibu," alisema Kashindi. "Kisije kikaanza makelele yake majirani wakatujaa."

"Nikijibu nini, na bakuli hilo mkononi mwako?"

"Kijibu kama ulivyokijibu jana."

"Jana nilitubu mpaka usingizi ukanipitia."

"Basi tubu na leo, Bimkubwa. Si unaijua njia?" Kashindi akacheka, akafunika mdomo kwa upindo wa kanga. "Imebaki siku moja tu ya yule bwana wetu. Kesho tu. Nikiimaliza, acha hilo dude lipige kelele mpaka koo likauke."

Mwavita naye akacheka, ingawa hakutaka.

Kikuku kilikuwa mkononi mwake, lakini kilichokuwa kikisema kupitia kikuku kilikaa chini ya ngozi ya Kashindi, karibu na kiwiko. Ilikuwa punje ndogo kama ya mtama. Kila mwenye kisukari pale Ujiji alikuwa nayo. Siku ya kutiwa, Kashindi aliulizwa nani awe mlinzi wake, yule atakayeulizwa na punje na kujibu kwa niaba yake. Hakuwa na mtoto, na nduguze walikuwa ng'ambo ya ziwa. Akamwonyesha kwa kidole mke mwenzie. Mhudumu wa hospitali aliuliza tena, akidhani hakusikia vizuri.

"Huyo huyo," Kashindi alimjibu. "Ananichunga tangu nilipoolewa. Kazi anaijua."

Mwavita hakusahau neno lile. Kulikuwa na utani ndani yake, na kulikuwa na ukweli. Feruzi, mume wao, alipomleta Kashindi nyumbani, Mwavita hakumtukana wala hakumpiga. Alimtazama tu. Alitazama chumvi anayotia, kuni anazopanga, saa anayoamka. Mtu anaweza kuteswa kwa macho peke yake, na Mwavita alilijua hilo, ila alikuja kulijua baada ya Feruzi kufa, walipobaki wawili katika nyumba moja, na kumbe yule aliyekuwa akimchunga ndiye aliyebaki wa kula naye.

"Mlinzi," kikuku kilirudia. "Je, amefunga?"

Kuna jambo mhudumu aliwaeleza na Mwavita akalishika haraka kuliko mengine, kwa sababu alikulia jikoni kwenye mawese. Mafuta yaliyobaki na wekundu wake hukaa sana. Ukiyachemsha mpaka yakawa meupe, hayachukui muda yananuka. Mafuta ya mwili nayo yana walinzi wao, alisema yule mhudumu. Vitamini E inapanda ndani ya mafuta yenyewe na kuyakinga yasichache, na yenyewe ikichoka, vitamini C inaifufua. Mwenye kisukari walinzi hao humwishia upesi. Mafuta yanachacha ndani ya damu, mishipa inaharibika. Kwa hiyo punje ilikuwa ikidondosha vitamini hizo tone kwa tone. Mafuta yakiwa safi, iliwaka kijani chini ya ngozi.

Kazi ya pili ya punje Mwavita hakuishika vizuri namna hiyo. Sukari ikikosa insulini ya kuifungulia mlango, mwili unaona njaa hata kama tumbo limejaa, na unaanza kuchoma mafuta ovyo. Moshi wa moto huo ni asidi. Punje iliukagua moto. Lakini aliyefunga naye huchoma mafuta, na katika mji wa watu wanaofunga, punje zilikuwa zikiita gari la hospitali kila alasiri mpaka waganga wakachoka. Ndipo likawekwa swali. Mlinzi akisema ndiyo, punje inavumilia, inaongeza vitamini na kusubiri. Akisema hapana, gari linakuja.

Likija gari, ruhusa ya kufunga aliyopewa Kashindi na hospitali ingekufa hapo hapo. Na siku ya mwisho ya Feruzi ingebaki.

Feruzi aliugua katika Ramadhani, akafa kabla ya kulipa siku alizokula. Shekhe aliwaambia wajane wake kuwa mkitaka mfungieni, na msipoweza, kila siku moja mlisheni maskini mmoja. Mwavita alifunga nusu yake, akaimaliza. Kashindi, pamoja na ugonjwa wake, alikataa kata kata kulisha.

"Feruzi hakuwa mtu wa kulishiwa," alisema. "Wewe umfungie, mimi nipeleke sahani? Akhera atatuona vipi?"

Mwavita angeweza kumwambia, mdogo wangu, mgonjwa hana lawama. Alilijua hilo, alifundishwa chuoni akiwa mdogo. Lakini alikuwa amemkataza Kashindi mambo mengi sana katika maisha yake, na hili alitaka kumwachia. Alitaka mara moja tu awe mwema kwake.

Akainua kikuku mdomoni.

"Ndiyo," alisema. "Amefunga."

"Nimepokea," kilisema kikuku.

Chini ya ngozi ya Kashindi punje ikawaka kijani kizuri, mfano wa jani changa la mgomba. Kashindi alisogea akamshika bega. "Mungu akulipe, Bimkubwa." Alikuwa karibu, na pumzi yake ikampata Mwavita usoni. Ilikuwa na utamu wa ajabu, kama nanasi lililoanza kulegea. Mwavita akakumbuka alivyofundishwa, kwamba harufu ya kinywa cha aliyefunga inapendeza mbele ya Mungu kuliko miski. Akasema moyoni, subhanallah, tazama mtu huyu saumu yake ilivyokubaliwa.

Akamwongeza uji.

* * *

Siku ile ya mwisho walikaa barazani wakichambua chikichi. Zilikuwepo mashine za kuchambua, mji mzima ulikuwa nazo, lakini Mwavita alipenda kuyapika mawese yake mwenyewe, na chikichi iliyochambuliwa kwa mkono alisema haina uchafu. Kashindi alikuwa akitupa tunda moja kwenye beseni, anapumzika, anatupa jingine.

"Leo mikono mizito," Mwavita alimtania. "Au unamngoja Feruzi aje akusaidie?"

"Akija nitamwambia kaa kwa Bimkubwa, mimi kwangu nimefunga."

Walicheka. Kisha Kashindi akanyamaza ili avute pumzi. Alikuwa akivuta pumzi ndefu za kwenda chini kabisa, kama mtu aliyepandisha mlima na mzigo kichwani, na alikuwa amekaa tu. Wakati wa daku alikunywa maji mengi, akatapika kidogo. Alisema ni mchuzi.

Mwavita alimtazama mkono. Kijani.

Akasikiliza kikuku. Siku zote adhuhuri ilipokaribia kiliuliza. Safari hii hakikuuliza. Alikigonga kwa ukucha kuona kama kizima, kikamtajia saa na kumwambia ni Alhamisi. Kizima kabisa. Kimetulia tu.

"Leo kimetuacha," alisema.

"Kimetuzoea," alisema Kashindi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea akiwa chumba cha pili.

Mwavita alifurahi. Ndilo jambo lililomrudia baadaye kila alipotaka kufumba macho: kwamba alifurahi. Aliona hiyo ni rehema, Mungu amewasitiri, amekinyamazisha chuma kwa ajili ya mjane aliyekuwa na nia njema. Aliingia ndani kuswali adhuhuri. Alirefusha sijida yake ya mwisho kwa kushukuru.

Alipotoka, beseni lilikuwa limepinduka na chikichi zimetapakaa baraza nzima. Kashindi alikuwa amelala katikati yake, mdomo wazi, pumzi zikienda na kurudi kwa nguvu. Mwavita alimwita. Alimwita kwa jina, kisha akamwita mdogo wangu, kisha akamwita mama. Macho yalifunguka, hayakumwona.

Mkononi bado kijani kilikuwa kinawaka.

"Ita gari!" alikipigia kelele kikuku. "Lete gari, weye!"

"Mlinzi, punje haioni hatari," kilimjibu. "Je, unathibitisha?"

"Nathibitisha! Nathibitisha, mlaaniwa mkubwa!"

* * *

Daktari Bukuru alikuwa kijana mtaratibu, mwenye tabia ya kuvuta kiti akae kabla ya kusema neno. Mwavita alimwona anavuta kiti, akadhani Kashindi amekufa.

"Yu hai, mama," daktari alisema upesi. "Tumempa maji ya mshipa na insulini. Lakini damu yake imekuwa asidi tupu, na ubongo umevimba. Kuamka ataamka. Ataamkaje, hilo siwezi kukuahidi."

"Ilikuwa kijani," Mwavita alisema. "Mpaka anaanguka, ilikuwa kijani."

"Kijani ni ya mafuta kutochacha, mama. Na mafuta yake hayajachacha, ni safi mno, punje imemjaza vitamini mpaka basi. Lakini vitamini haizimi moto. Inakinga mafuta yasiharibike, basi. Kilichokuwa kinamuua ni kuungua kwenyewe, na ile asidi." Akamwinamia. "Hukusikia harufu mdomoni mwake? Kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi?"

Mwavita alitazama sakafu ya hospitali, ilivyong'aa, na uso wake ndani yake.

"Niliisikia," alisema.

Daktari hakumuuliza zaidi. Aligusa ukuta, ukuta ukaonyesha mistari myekundu ikipanda na kushuka. "Kinachonitatiza ni hapa. Huu ni moto wa jana jioni, na wa juzi jioni. Mtu akifuturu, moto unapaswa kushuka. Huu haukushuka. Kama angekuwa amekula, punje ingejua insulini imemwishia, ingetuita. Lakini punje inasema alikuwa amefunga. Jioni zote mbili. Hakufuturu?"

Mwavita alikizungusha kikuku mkononi.

"Kama kweli hakula, basi punje haikukosea. Mtu asiyekula mchana na usiku anaungua hivi, ni sawa. Na zile nyingine zilizojifunza kwake hazikukosea pia."

"Nyingine zipi, mwanangu?"

"Punje zinafundishana, mama. Yake ikijua mwili wa aliyefunga ukoje, inazipa habari za mji mzima. Ndiyo maana leo haikukuuliza. Imeshajua: moto wa namna hii ni wa saumu, hauna haja ya kuuliza mtu."

Nje, kwa mbali, kipaza sauti cha msikiti kilikohoa. Ilikuwa alasiri ya Alhamisi. Mzee Songoro, muadhini, alikuwa na punje mkononi mwaka wa pili sasa, na hakuna Jumatatu wala Alhamisi aliyokula mchana tangu Mwavita amfahamu. Aliisikia sauti yake ikipanda. Ilikuwa inatetemeka kidogo. Au ilikuwa inatetemeka siku zote, naye hakuwahi kuisikiliza?

"Mlinzi akidanganya," aliuliza polepole, "mnamfanya nini?"

Daktari Bukuru alimtazama. "Ananyang'anywa ulinzi. Mgonjwa anapewa mlinzi wa serikali, mtu wa mbali, asiyemjua. Aliyenyang'anywa harudishiwi tena."

Mwavita alifikiri juu ya Kashindi kuamka na kukuta sauti ya mgeni imekaa mahali pake. Alifikiri juu ya siri ya saumu ya Feruzi, na alivyoambiwa na Kashindi siku ya kwanza: Usimwambie mtu, Bimkubwa, ibada hii ni yangu na Mungu wangu, nimekuomba wewe peke yako. Kashindi hakuwa amewahi kumwomba jambo jingine. Na kama angenyamaza, huyu kijana mwenye adabu asingemhoji mara ya pili. Alikuwa ameshaandaa njia nzima ya kumtoa, ilikuwa imebaki aseme tu kwamba mwenzake hakula.

Adhana ikafika mwisho. Katikati ya neno la mwisho sauti ilikatika, ikavuta pumzi, ikamalizia.

"Alikula," alisema Mwavita. "Jioni zote mbili alikula. Mimi ndiye niliyempakulia. Kikaniuliza, nikasema amefunga, asije akakatizwa siku za kumlipia marehemu mume wetu."

Daktari akainuka, akagusa ukuta, akaanza kusema na watu ambao Mwavita hakuwaona, haraka haraka, akitaja jina la Kashindi na kuwaambia lifutwe, fundisho lote la jioni mbili lifutwe. Kikuku mkononi mwa Mwavita kikatoa mlio mmoja mwembamba. Kikafunguka chenyewe. Kilimwangukia mapajani, chepesi, kama bangili ya mtoto.

* * *

Kashindi aliamka, ila mkono wake wa kushoto ulibaki mzito na maneno mengine yalimpotea njiani. Neno la kwanza aliloliulizia lilikuwa la saumu.

"Ilifika magharibi?"

"Haikufika. Walikutia maji mchana."

"Basi haikuhesabiwa." Alitazama dari. Kisha akasema, "Daktari ameniambia ulimwambia."

"Nilimwambia."

"Nilikuomba."

"Uliniomba. Mzee Songoro alikuwa anaungua kama wewe, Kashindi. Ile habari ilipofutwa tu, kikuku cha mkewe kikalia, akamfuata msikitini mbio na upawa mkononi. Wamemuwahi."

Kashindi alifumba macho. "Alhamdulillahi kwa Mzee Songoro," alisema. "Lakini ungemwambia daktari uongo wako, mbona ukamwambia na saumu yangu?"

Mwavita hakuona namna ya kuutoa uongo bila kuitoa na saumu, na hata hivyo aliona kwamba mwenzake ana haki.

Walirudi nyumbani kwa gari lile lisilo na dereva, wamekaa bega kwa bega. Mlinzi mpya alikuwa kijana wa mbali, sauti yake ilitoka kwenye kisanduku kilichogongomelewa ukutani juu ya mtungi wa maji. Kila jioni aliuliza, "Mteja wetu, umeshakula?" Kashindi mwenyewe alimjibu, "Nimekula, mteja wangu." Kijana hakuuelewa utani huo hata siku moja. Mwavita alikuwa hasogei wakati ule. Kwa sheria hakuruhusiwa kujibu, hata akiulizwa habari ya chumvi.

Jioni moja kisanduku kilipomaliza swali lake na kunyamaza, Kashindi aliweka bakuli chini kwa ule mkono mzima.

"Bimkubwa. Umefunga leo?"

Mwavita alimtazama. "Kwa nini unauliza?"

"Hukuonja mchuzi ulipopika. Nilikuona. Nami nilikuambia pale hospitali ile siku ya Feruzi usiifunge, ni yangu, uniachie."

"Sikuonja kwa sababu nimechoka kuonja. Nimekunywa chai asubuhi, mbele yako, na kiporo cha muhogo. Sijafunga. Nimekuachia."

"Kweli?"

"Wallahi."

Kashindi alimkagua usoni kwa muda mrefu, jinsi Mwavita alivyokuwa akimkagua yeye zamani, chumvi yake na kuni zake. Mwavita alivumilia kutazamwa. Hakuinamisha kichwa.

"Daktari amesema sitafunga..." Kashindi alisema mwishowe. Neno lilimponyoka, akalitafuta, akalipata. "Tena. Milele."

"Alisema."

"Basi pakua. Sahani moja. Mpelekee jirani yetu Bi Sikujua kule nyuma, leo hawajawasha moto kwake. Sema ni... sema ni ya siku ya marehemu."

Mwavita alipakua wali, akaweka juu yake mgebuka mkubwa kuliko yote, akamwagia mchuzi wa mawese mpaka wali ukageuka rangi. Akaufunika kwa kawa. Kashindi alisogea na mkono wake mmoja, akalinyoosha kawa lilipokaa upande.

Mwavita alitoka kwa mlango wa uani. Njia ilikuwa fupi, kupita kamba ya nguo na banda la kuku, hata viatu hakuvaa. Aliibeba sahani kwa mikono miwili, amejiandaa kwa uzito, na ikamshangaza jinsi ilivyokuwa nyepesi.